Nilivyochora ramani ya maji ya visima huku maweni, Kusini Unguja

Ramani yangu ya kwanza ya visima, kati ya Makunduchi na Jambiani, ilidanganya ingawa kila nukta ilikaa mahali pake. Nilipima Mei, masika yamepamba moto, na kila kisima kikaonekana salama. Maweni hayapimwi hivyo. Maji baridi huku yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe la matumbawe, na kanuni inakadiria kuwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 chini yake. Basi ukivuta kwa pampu kubwa ukashusha maji sentimita 10 tu, na ukaendelea hivyo, chumvi inaweza kupanda mita 4.

Sasa napima mwisho wa Februari, wakati wa kaskazi, kabla mvua hazijaanza. Kila kisima nakiandikia saa na hali ya bahari: bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), yanajaa au yanapwa. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na jiwe limejaa nyufa, kwa hiyo visima vya pwani hupanda na kushuka nayo. Ukipima kimoja maji yamejaa na cha jirani yamekupwa, tofauti utakayoichora ni ya bahari tu.

Kwanza kwa sheha, kiongozi wa shehia, kisha hodi kwa mwenye kisima. Wanaoteka kila siku wanajua kuliko kifaa changu, ila ukiuliza "maji yanatosha?" utajibiwa "alhamdulillahi" na hapo umekwama. Uliza: "Shikamoo bibi, mwezi gani ndoo hugonga mchanga?"

Mita ya chumvi naisawazisha asubuhi kwa maji ya kipimo ya milisimensi 1.413 kwa sentimita, bila hivyo namba za siku nzima ni za kubahatisha. Sampuli ya juu pekee haifai, maana munyu hulala chini. Naifunga chupa jiwe, naiziba kwa kizibo chenye uzi wake, naishusha hadi karibu na sakafu, ndipo navuta uzi. Tungule (nyanya) huvumilia maji ya hadi milisimensi 1.7 kwa sentimita bila mavuno kupungua. Vitunguu ni 0.8 tu. Kisima kinaweza kuwa cha tungule juu na kisifae kitu chini.

Halafu napima kasi ya kujaa. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 kina lita 11.3 kwa kila sentimita ya kina. Nateka haraka mpaka kishuke, kisha nasoma utepe kila dakika 5. Kikirudi sentimita 40 kwa saa, ni kama lita 450. Kuteka kwa muda wa saa 6 ni lita 2,700 kwa siku.

Upande wa shamba, kwa Februari nachukua milimita 5 za maji yanayopotea hewani kwa siku (lita 5 kwa kila mita ya mraba), mara 1.15 kwa tungule zinazozaa, gawa kwa 0.9 kwa umwagiliaji wa matone: karibu lita 6.4 kwa kila mita ya mraba. Kisima hicho kinahudumia mita za mraba 420. Robo eka ni zaidi ya mita za mraba 1,000, kwa hiyo hazifiki hata nusu yake.

Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, naweka nukta katika UTM, mfumo wa vipimo vya mahali, kanda 37 Kusini. Rangi inaonyesha chumvi, na pembeni naandika mita za mraba, kwa kuwa mkulima haulizi lita, anauliza alime kiasi gani. Sijazi rangi katikati ya nukta: visima viwili vilivyoachana hatua 50 vinaweza kuwa na maji tofauti kabisa, kimoja kikiwa juu ya ufa unaokwenda baharini. Picha za setilaiti za Sentinel-2 nazo nazisoma kwa tahadhari, maana vichaka vya maweni hubaki kijani Februari nzima, mizizi ikiwa imezama kwenye nyufa, na bustani ya hatua chache hupotea katika kipande kimoja cha picha, cha mita 10 kwa 10.

Septemba, kabla ya vuli, narudia visima vyenye rangi ya manjano tu, vile vya chumvi ya kati.