Siku bibi alipoitikia salamu Gede

Mwaka 2024 niliposikia kwenye redio kwamba UNESCO wameiingiza Gede, yale magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, pwani ya Kenya, kwenye Urithi wa Dunia nilifurahi sana, lakini kitu cha kwanza kunijia akilini hakikuwa kuta wala misikiti, ilikuwa chupa ya marashi ya bibi yangu.

Ilikuwa 1996, nlikuwa na miaka 11. Mjomba wangu alikuwa mvuvi hapo Malindi, na mwezi wa nane huo upepo wa kusi ulikuwa bado mkali, mashine ya boti ikawafia nje huko wakachukuliwa na maji, siku nne nzima hatujui yuko hai ama bahari ishamchukua. Usiku wa tatu bibi akaweka nadhiri, mwanawe akirudi ataenda Gede kwa wenyewe na ubani na marashi. Siku ya tano mjomba akaletwa na wavuvi waliomuokota upande wa Kipini, midomo imepasuka, sauti hana. Basi nadhiri ni deni. Bibi magoti yalikuwa yanamsumbua, akasema mimi ndo nitamsindikiza.

Mimi niliogopa usiku kucha, manake sisi watoto tulikuwa na stori za Gede za kila aina. Ati ukilala mle ndani hutoki na akili zako, ukiokota kigae ukaenda nacho nyumbani hulali mpaka ukirudishe, jioni unasikia watu wanaongea nyuma ya ukuta na ukizunguka huoni mtu. Bibi yeye hakuwahi kusema majini wala mashetani, alisema "wenyewe" tu, kama vile unavyosema wenye nyumba. Na baba hakutaka kabisa, aliita shirki, akasema aliyemrudisha mjomba ni Mungu peke yake. Bibi akamjibu kwa upole tu, "Najua ni Mungu mwanangu. Lakini mimi niliahidi."

Tukapanda matatu asubuhi, ni kama kilomita 15 hivi kutoka Malindi, tukashuka Gede tukatembea pole pole mpaka getini. Mlinzi alikuwa anamjua bibi, wakaamkuana wakaulizana habari za watoto, tukapita.

Mtu ambaye hajaingia Gede asubuhi mapema ni vigumu kumweleza. Nje jua limeshawaka, ukiingia tu chini ya ile miti ni kivuli na ubaridi, mizizi imekumbatia kuta za mawe ya matumbawe, mibuyu imesimama katikati ya nyumba za watu. Ni mji kamili ule, una jumba la kifalme, visima, vyoo, kaburi lenye tarehe iliyochongwa ya mwaka wa Hijria 802 yaani 1399, watu walikuwa wanakula kwenye vyombo vya kaure vya kutoka China. Kisha wakaondoka. Na kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba Wareno walikaa Malindi hapo karibu tu karibu miaka 100, wala hakuna walipoandika habari za mji huu. Sasa mahali kama hapo watu wataachaje kusema kuna wenyewe?

Tulipofika jumbani bibi akasimama kwenye mlango wa upinde akapiga hodi. Akangoja. Mimi nimeshika leso yake kwa mikono miwili. Ndo nikasikia majani makavu yanakanyagwa nyuma ya ukuta, hatua ndogo ndogo za haraka, kimya, tena hatua, halafu kishindo kama mtu anapiga mguu chini. Damu ikaniganda.

"Waalaikumu salamu," bibi akaitikia.

Mimi sikusikia mtu yeyote akitoa salamu. Nlimwangalia usoni, hakuwa na hofu hata kidogo, alikuwa na sura ya mtu aliyekaribishwa. Akaingia, akafukiza ubani wake, akamwaga marashi kidogo kwenye kishubaka cha ukuta na chupa akaiacha hapo hapo, akasema jina la mjomba na lake yeye mamake, akashukuru. Kisha tukatoka na akaniambia nisigeuke.

Nilipokuwa mkubwa nikaja kujua kuna sange pale, kale kanyama kenye pua ndefu na nyuma kana rangi ya dhahabu, kako Gede na msitu wa Arabuko Sokoke, kakishtuka kanapiga mkia kwenye majani vile vile. Sawa. Inawezekana ndiye niliyemsikia. Lakini sange hatoi salamu, na bibi yangu hakuwa mtu wa kuitikia hewa. Hata James Kirkman, yule Mwingereza aliyeanza kuchimba Gede 1948, aliandika kwamba mwanzoni alijihisi kuna kitu kinamwangalia kutoka nyuma ya kuta, si adui si rafiki, kinangoja tu. Huyo alikuwa msomi, hakulelewa na stori zetu.

Tulipofika nyumbani mjomba alikuwa amelala kwenye mkeka uani. Tangu atoke baharini alikuwa halali bila koroboi kuwaka kando yake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Bibi akapita kwenda jikoni, mjomba akanishika mkono akaniuliza kwa ile sauti yake iliyokauka, "Wamepokea?"

Nikamwambia bibi aliitikia salamu.

Akaninyooshea kidole kwenye koroboi nimzimie, akageukia ukutani.