"Hii ya pili ni ya nini?": siku yangu ya karani wa kura Lewiston, jimbo la Maine, Marekani

Jumanne, 5 Novemba 2024.

Saa kumi na nusu alfajiri. Chai ya tangawizi na chapati ya jana. Siku nyingine kazi yangu ni kutunza wazee, ila leo nimeomba ruhusa. Mume wangu anauliza kutoka chini ya blanketi kama tunalipwa. Tunalipwa, lakini si pesa za kujengea nyumba.

Saa kumi na mbili. Ukumbi wa michezo wa shule, goli la mpira wa kikapu juu ya vichwa vyetu. Tunaapishwa, tunagawiwa meza. Jirani yangu ni mzee mmoja wa Republican, mimi nimejiandikisha Democrat. Si bahati: sheria ya Maine inataka makarani watoke vyama vyote viwili, ili kila jicho liwe na jicho linaloliangalia. Ameleta donati. Siasa hatuzigusi, tunazungumzia magoti yake.

Saa moja. Milango inafunguliwa, foleni ipo tayari. Mtu anataja jina na anakoishi, namtafuta kwenye daftari, naweka alama, anapewa kura. Aliyejiandikisha tayari haulizwi kitambulisho. Mimi mtoto wa Likoni, Mombasa, mara ya kwanza nilishtuka. Kwetu bila kitambulisho hata karani hakutazami usoni. Hapa kidole hakichovywi wino pia; unatoka na stika kifuani.

Saa tatu. Anaingia mama Mkongomani, kitambaa kichwani kimefungwa kama anaenda harusini, na bahasha mkononi. Ndani mna cheti cha uraia na bili ya umeme. Maine unaweza kujiandikisha siku hiyohiyo ya kura, kwa hiyo anapelekwa meza ya uandikishaji, dakika kumi baadaye yuko mbele yangu. Ni kura yake ya kwanza tangu azaliwe.

Anaitazama karatasi, kisha ananitazama mimi.

"Dada, hii ya pili ni ya nini? Mimi namutaka moja tu."

Swali hilo nitalijibu leo mpaka koo likauke. Kwa urais, Seneti na Baraza la Wawakilishi wa Marekani, Maine haikupi kisanduku kimoja tu. Wagombea wamepangwa kushuka, nafasi zimepangwa kwenda kulia: chaguo la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea. Wa urais ni watano: Harris, Trump, Stein, Oliver, West. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mkiani anatolewa, na kura za waliomchagua zinahamia kwa chaguo lao la pili. Wakenya wenzangu, fikirieni duru ya pili, ila umeshaipiga asubuhi na huna haja ya kurudi kupanga foleni.

Si mapambo. Mwaka 2018, kwenye wilaya yetu hii ya pili ya Baraza la Wawakilishi, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza, na Jared Golden wa Democrat akaondoka na kiti baada ya chaguo za pili kuhesabiwa.

Namwonyesha mama bango la maelekezo ukutani. Kusema ajaze nani, hilo sina ruhusa. Anasikiliza mpaka mwisho. "Kuolewa na wawili siwezi," anasema, anaenda kibandani.

Kuna na wanaofanya kinyume: wanamjazia mtu wao safu zote, wakidhani wamempa kura nyingi. Inahesabiwa moja. Mtu hadhuriki, wino tu unakwisha.

Saa tano. Swali la tano, la bendera. Je, Maine iache bendera yake ya buluu yenye mkulima na baharia, irudie ile ya zamani yenye mti wa msonobari na nyota? Vijana wanacheka, wazee wananuna. Mmoja anataka nimwonyeshe picha, picha sina. Kituo chetu ni cha watu wa mitaa ya miti, Birch, Pine, Walnut, na bado mti wa bendera unawagombanisha.

Saa saba na nusu mchana. Mlango unasukumwa kwa nguvu. Mzee wa Kibantu wa Somalia, bakora mkononi, jasho linamtiririka Novemba hii. Miaka ya kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ilimwachia Kiswahili kizuri.

"Mwanangu, nimechelewa?"

Namwamkia, namwuliza nani kamwambia amechelewa. Kumbe mjukuu wake alisoma tangazo kwamba kituo kinafungwa saa 8, akamtafsiria babu: saa nane. Mtoto amezaliwa hapa, hajui kwamba saa zao na zetu zimepishana sita. Ninamletea kiti. "Babu, ni saa mbili usiku. Una saa sita na nusu." Ameketi, amecheka, kisha akasema ngoja apige sasa, mjukuu asije akamtafsiria jingine.

Saa kumi na dakika ishirini. Jua linazama. Sijalizoea hili hata baada ya miaka yote hii. Wanaanza kuja wa viwandani na hospitalini. Mwanamke mmoja amevaa fulana yenye jina la mji na moyo, zile zilizoenea baada ya 25 Oktoba 2023, watu 18 walipouawa kwa risasi hapa kwetu. Siku iliyofuata Golden aligeuza msimamo wake, akaunga mkono kupiga marufuku bunduki za kivita. Mpinzani wake leo, Austin Theriault, ni dereva wa zamani wa mashindano ya magari kutoka Fort Kent, kule juu mpakani na Kanada. Kwenye foleni hakuna anayewataja. Kila mtu anajua.

Saa mbili usiku. Tunafunga. Mashine ya kuhesabia kura inatapika karatasi ndefu kama risiti ya supamaketi. Nakiri namkosa yule msimamizi wa kwetu anayeinua kura mojamoja kwenye mwanga wa taa na kutaja jina kwa sauti.

Saa tano usiku. Mombasa ni saa moja asubuhi, kaka yangu anapiga simu. "Nani kashinda huko?" Namwuliza: huko wapi? Maine ina kura nne za wajumbe wanaomchagua rais, mbili za jimbo zima na moja kwa kila wilaya. Harris alikuja kupata tatu, Trump moja, ya wilaya yangu. Kaka akasema hiyo ni mirathi, si uchaguzi.

Mengine yalifuata. Seneta wetu Angus King alirudi Seneti. Bendera ya msonobari ilikataliwa. Kiti cha Golden kilichukua siku nyingi, mpaka waziri wa jimbo anayesimamia uchaguzi, Shenna Bellows, akaendesha hesabu ya chaguo za pili. Golden alimzidi Theriault kwa kura zisizofika 3,000.

Wiki chache baadaye nilikutana na yule mama dukani, Lisbon Street. Akauliza kama angejaza ya pili ingemsaidia nini. Nikamwambia chaguo lako la kwanza likiwa bado mbioni, la pili halitazamwi.

"Si nilikuambia," akasema, akaendelea kuchagua ndizi.