Wengen, kijiji kinachofikiwa kwa treni

Ukitoka Interlaken, Uswisi, treni ya kawaida inakuingiza bondeni hadi Lauterbrunnen, kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kuta za mwamba zimelibana bonde huku na huku, na maji ya Staubbach yanaporomoka karibu mita 300, upepo ukiyapeperusha kabla hayajagusa chini. Mwenye gari anayekwenda Wengen analiacha hapo. Kule juu hakuna barabara ya kumpeleka.

Treni ya mlimani ni ndogo, ya njano na kijani, na imekuwa ikipanda huku tangu 1893. Kati ya reli zake mbili imelazwa ya tatu, yenye meno, na chini ya treni kuna gurudumu la meno linaloyakamata. Bila hilo magurudumu ya chuma yangeteleza tu, kwani penye mwinuko mkali kabisa njia hupanda mita 25 kwa kila mita 100. Unalisikia miguuni: mtetemo mzito, usiokatika. Nilikaa upande wa bonde, na kila kona Lauterbrunnen ilizidi kuwa ndogo.

Mimi nimekulia Lushoto. Najua maisha ya kijiji cha mlimani kinachotegemea njia moja, na wasiwasi wa watu mvua zikianza kuangusha udongo. Kwa hiyo tulipofika Wengen, mita 1,274, wenzangu walielekeza kamera kwenye theluji ya mlima Jungfrau, mimi nikabaki stesheni kutazama mizigo ikishushwa. Makreti ya mboga, vinywaji, masanduku ya wageni. Vigari vya umeme vilikuja kuyachukua, vikapotelea vichochoroni. Mama mmoja alishuka na mifuko yake ya sokoni, akasalimiana na konda kama jirani. Kwake hii ndiyo daladala.

Wageni wengi hawashuki hapa. Wanaendelea hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061, chini ya mlima Eiger, wabadilishe treni waende Jungfraujoch, stesheni iliyo juu zaidi milimani. Nami nilifika Kleine Scheidegg, na kweli ule ukuta wa Eiger unatisha. Lakini ukipata nafasi, lala Wengen japo usiku mmoja. Asubuhi nenda stesheni mapema, uone kijiji kinavyopokea mahitaji yake. Nauli ya Uswisi ni kali, ila hii nililipa kwa moyo mweupe.