Serikali ikitaka kuokoa Nyamwamba ianzie Kilembe, isianzie darajani

Jamani watu wa Kasese, na nyinyi wa Kampala mnaosikia jina la Nyamwamba pale tu mafuriko yanapokuja kwenye habari, leo naomba niseme hili jambo lote manake limenikaa rohoni muda mrefu sana. Siwezi kusema serikali haifanyi kitu kwenye huu mto. Tumeona katapila zikichimbua mchanga na mawe, tumeona kuta za mawe yaliyofungwa kwa waya, wakubwa wamekuja na magari yao wakaangalia wakarudi. Shida yangu ni moja tu, kazi karibu yote inafanyika huku chini mjini, na inafanyika baada ya maji kushapita. Balaa lenyewe linaanzia juu.

Kwa asiyejua, Nyamwamba unatoka milima ya Rwenzori, unashuka bonde la Kilembe kwa kasi ya ajabu, unapita mjini Kasese halafu unaingia kwenye mbuga ya Queen Elizabeth na kumalizikia Ziwa George. Ni mto mfupi na mteremko wake ni mkali, kwa iyo mvua ikikaa milimani usiku mzima watu wa bondeni hawapati muda wa kujiandaa. Tarehe 1 Mei 2013 ulishuka na mawe makubwa kama vibanda, ukaua watu, ukabeba nyumba na madaraja, ukaingia mpaka hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia, na safari hiyo haukuwa peke yake, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha yote ilifurika, na ile hospitali iliyotutibu tangu enzi za machimbo ikaharibika vibaya sana. Waliopoteza makazi wakapelekwa kambini Muhokya wakaishi pale miaka, kwenye vibanda, wakingoja kuambiwa waende wapi.

Sasa watu wanasema ni mabadiliko ya hali ya hewa, na ni kweli, theluji ya Rwenzori inapungua na mvua imebadilika. Lakini tusiishie hapo. Mwaka 2012 moto uliunguza sehemu kubwa ya mimea kule juu kwenye bonde la Nyamwamba, mimea ambayo huota polepole sana sababu ya baridi, na ndo hiyo ilikuwa inashika maji na udongo. Mwaka uliofuata tukaona kilichotokea. Alafu kuna milima ya Kilembe yenyewe, mashamba yamepanda mpaka sehemu ambayo hata mbuzi anasimama kwa shida, miti imeisha, mvua ikipiga udongo wote unashuka mtoni.

Na kuna machimbo. Shaba ya Kilembe ilichimbwa kuanzia miaka ya 50 mpaka 1982, reli ilifika Kasese 1956 kwa ajili ya hiyo shaba, watu walikuja kufanya kazi kutoka kila upande na Kiswahili kikashika mizizi hapa kwetu. Tulifaidika, sikatai. Lakini mabaki yaliyotoka mgodini, mamilioni ya tani za mchanga wenye shaba na kobalti, yaliachwa kwenye bonde lile lile, mengine kando kabisa ya mto. Ukipita Kilembe unayaona, marundo ya kijivu yenye michirizi ya rangi ya kutu pale maji yanapochuruzika, na majani hayaoti vizuri juu yake. Kila mafuriko yanakata kipande na kukisomba. Watafiti wamepima udongo na mboga za Kilembe wakakuta madini yamezidi kiwango kinachokubalika, na hizo ni mboga watu wanapika kila siku.

Kusafisha inawezekana, na mfano tunao hapa hapa nyumbani. Rundo lile lingine la mabaki lililokuwa karibu na mji lilikuwa likivuja miaka mingi, maji yake makali yakaua mimea kwenye ukanda mrefu ndani ya mbuga kuelekea ziwani. Kuanzia 1999 kiwanda cha kobalti kikawa kinalichukua lile rundo na kutoa kobalti kwa kutumia bakteria, mpaka kilipofungwa lilikuwa limepungua sana. Kwa hiyo anayesema mabaki ya Kilembe hayagusiki aangalie hilo kwanza.

Upande wa sheria mi naona Uganda tuko vizuri sana kwenye karatasi. Katiba ya 1995 inasema mito, maziwa na ardhi oevu serikali inavishika kwa niaba ya wananchi. Kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 100 ziachwe kando ya mito mikubwa iliyotajwa kwenye orodha na mita 30 kwa mingine, na Ziwa Victoria mita 200. Sheria ya Mazingira ya 2019 ikaenda mbali zaidi, kifungu cha 4 kinasema maumbile yenyewe yana haki ya kuwepo na kujirudishia uhai wake, yaani mto una haki zake! NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, wapo, polisi wa mazingira wapo, wizara ya maji ina ofisi ya kanda ya Albert pale Fort Portal, wilaya ina afisa wake wa mazingira.

Nenda sasa ukingoni uangalie hizo mita 30. Kuna mama analima maharage na magimbi mpaka jembe linagusa maji. Anang'oa matete sababu yanamkulia nafasi, na pale alipong'oa udongo umebaki wazi, umemeguka, mizizi inaning'inia hewani, na mistari ya maharage iliyokuwa ya mwisho imeshaingia mtoni. Huyu mama si adui wa mazingira. Hajawahi kuonyeshwa hizo mita 30 zinaishia wapi, hakuna jiwe la mpaka, hakuna aliyekaa naye chini akamweleza kwa Lukonzo, lugha ya Wakonzo wa hapa, au Kiswahili, na shamba lingine hana. Siku watakayokuja kumtoa watakuja na askari. Tuliona Lubigi kule Kampala 2024, nyumba zikavunjwa na familia zikabaki nje na magodoro, na mimi nataka kinamasi cha Lubigi kilindwe, nataka kabisa, lakini kumwacha mtu ajenge miaka yote hiyo ndo umvunjie siku moja, hapana, hiyo inauma na inafanya watu wachukie hata neno mazingira.

Wekeni mawe ya mpaka leo. Pandeni mianzi na matete kwenye hizo mita, na mumlipe huyo huyo mama aitunze, manake yeye yuko pale kila asubuhi na afisa hayuko. Na wale wazee wa mlima ambao Wakonzo wanawaita isemalhambo, waliokuwa wakikataza watu kukata miti kwenye vyanzo vya maji, wapewe nafasi kwenye kamati za mazingira. Walilinda hii mito kabla NEMA haijazaliwa.

Watu wa Hamukungu na Kahendero, kando ya Ziwa George, wanaoishi kwa samaki nao wamo kwenye hii hesabu. Ziwa George lina kina cha wastani kama mita mbili na nusu tu! Ndilo lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingia kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, 1988, na mchanga wetu wote wa Kilembe unaelekea humo. Wanajeshi waliletwa ziwani kukamata nyavu haramu, sawa, lakini mchanga na shaba vinavyoingia kwa mtoni nani anavikamata?

Sasa hivi mipango ya kufufua machimbo ya Kilembe imerudi. Kazi tunaitaka, vijana wetu wamekaa. Sheria ya 2019 inataka tathmini ya athari za mazingira ifanyike na wananchi wasikilizwe kabla ya mradi wa namna hiyo, kwa hiyo mikutano ikiitwa Bulembia, kule kule Kilembe, au mjini twendeni wengi, tuulize mabaki ya zamani yatatolewa na nani na kwa pesa ya nani, mabaki mapya yatawekwa wapi umbali gani na mto, na majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla mtu hajashusha mashine hata moja.