Mradi wa sayari: Dunia yangu imetoroka

Wikiendi ya 1

Lengo ni dogo: programu ya kompyuta yenye Jua katikati na Dunia ikilizunguka, nukta mbili kwenye skrini nyeusi. Nimeipa Dunia umbali wake halisi, kilomita milioni 149.6, na kasi ya kilomita 29.8 kwa sekunde ikielekea pembeni. Kila siku inayopita programu inapiga hesabu mara moja: Jua linavuta kiasi gani, kasi inabadilikaje, nukta inahamia wapi.

Duara halikufunga. Mwaka mmoja ulipotimia Dunia ilikuwa imesogea nje kwa karibu asilimia 18, na kwenye mwaka wa nne ikafika kwenye njia ya Mirihi. Nikazima kompyuta nikalale.

Wikiendi ya 2

Jioni mbili nzima zimeishia kwenye kuhakiki uzito wa Jua, kumbe uzito hauna shida. Kosa liko kwenye mpangilio wa mistari miwili. Nilikuwa nahamisha nukta kwa kasi ya jana, ndipo narekebisha kasi, hivyo kila siku Dunia iliteleza nje kidogo kabla Jua halijaiwahi. Nimepindua: kasi kwanza, mahali baadaye. Nimeiendesha kwa miaka 1,000 na njia haijahama.

Kwa hasira za jioni hizo mbili nikapiga hesabu ya sekunde moja kwa mkono. Katika sekunde hiyo Dunia inakwenda karibu kilomita 30 pembeni, na inaanguka kuelekea Jua milimita 3. Milimita 3 tu! Ndizo zinazokunja mwendo wote uwe duara. Nilikuwa natafuta kichwani kitu kinachoisukuma Dunia mbele, na hakipo. Ilishapata mwendo tangu zamani, na huko angani hakuna cha kuisugua ikapunguza kasi. Inaanguka kila wakati, ila Jua inalikosa.

Basi nikaanza kuchezea kasi. Nikiweka sifuri, Dunia inatumbukia kwenye Jua siku ya 65. Nikiipa nusu ya kasi yake, inashuka hadi ndani ya njia ya Utaridi, inapita karibu na Jua kwa zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, kisha inapanda tena na kurudi pale pale ilipoanzia baada ya siku kama 158. Hii nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Nikivuka kilomita 42.1 kwa sekunde, hairudi tena.

Wikiendi ya 3

Kwa nini sayari zinajizungusha kwenye mhimili? Nimetengeneza wingu la nukta 400, kila moja na mwelekeo wa kubahatisha. Ukijumlisha mizunguko yao yote hupati sifuri kamili. Daima kuna upande unaobaki na ziada kidogo. Wingu likisinyaa ziada hiyo haipotei, inageuka kasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wingu lililozaa Jua na sayari miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Nikahakikisha kwa mwili wangu: kiti cha ofisini kinachozunguka, chupa ya maji iliyojaa kila mkono, mikono imenyooshwa, nikajisukuma kwa mguu, halafu nikaikunja kifuani. Ilibidi nishike meza.

Zuhura, inayojizungusha kinyumenyume na kuchukua siku 243 kumaliza mzunguko mmoja, nimeiweka kiporo.

Wikiendi ya 4 na ya 5

Angahewa. Nilidhani itakuwa kazi ya saa moja. Kanuni niliyotumia ni ya makadirio: hewa inadumu kwa muda mrefu kama kasi ya kuponyoka kwenye sayari (ile ambayo kitu kikiifikia hakirudi tena) ni angalau mara 6 ya kasi ya kawaida ya molekuli zake. Dunia ina kilomita 11.2 kwa sekunde. Naitrojeni inakimbia nusu kilomita kwa sekunde, haiendi popote. Hidrojeni inakimbia karibu 1.9, na mara 6 yake inazidi 11.2 kwa nywele tu. Mwezi, wenye 2.4, hauwezi kuishika hata naitrojeni.

Halafu Titan, mwezi wa Zohali, ikabaki tupu. Hapo nikajua nimeharibu kitu, kwa sababu Titan ina angahewa nzito kuliko yetu, nayo karibu yote ni naitrojeni. Kutafuta kosa kulichukua wikiendi ya pili yote: nilikuwa nimeipa kila sayari joto la Dunia, nyuzi 15. Titan iko kwenye nyuzi -179. Kwa baridi hiyo molekuli zinajikokota chini ya mita 300 kwa sekunde, na kasi yake ya kuponyoka ya kilomita 2.6 inatosha. Nimebadilisha namba moja, hewa imerudi.

Kinachonisumbua sasa ni Mirihi. Programu inasema inaweza kuitunza kaboni dayoksaidi yake bila taabu, wakati Mirihi halisi ina mgandamizo usiofika hata asilimia 1 ya wetu. Chombo cha anga cha MAVEN, cha shirika la Marekani la NASA, kilichofika huko mwaka 2014, kimepima jinsi upepo wa Jua, yaani chembechembe zinazorushwa na Jua, unavyoiparura hewa ya juu, na programu yangu haijui chochote kuhusu upepo huo. Nilitaka nimalize haraka kwa kuandika kwamba sayari isiyo na ngao ya sumaku hupoteza hewa. Lakini Zuhura nayo haina sumaku ya maana, na imebeba hewa yenye mgandamizo mara 90 hivi ya wetu. Mstari huo nimeufuta.