Nilivyofanya uwakili wa mirathi nje ya mlango wa mahakama

Kwa miaka mingi kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kilikuwa wazi: wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu katika Mahakama ya Mwanzo. Na huko ndiko mirathi ya watu walioishi kwa mila za kwao, na ya Waislamu, inakofunguliwa kila siku. Mimi nilitaka kazi hiyo hiyo, mirathi na ndoa, hapa hapa Mwanza. Wenzangu niliosoma nao Shule ya Sheria waliniuliza nitakula nini. Naeleza nilivyoweza, maana mawakili vijana bado wananiuliza, na wajane bado wanafika ofisini mali ikiwa imeshatawanyika.

Nilianzia katika ofisi iliyokuwa ikiandaa nyaraka za mikopo ya benki. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mke ameridhia nyumba ya familia iwekwe rehani, kama kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinavyotaka. Kabla mama hajasaini nilimuuliza kama anajua hati ina jina la nani na inatunzwa wapi. Wengi hawakujua. Walikuwa wameishi ndani ya nyumba hizo, wamezisakafia, wamezaa na kulea humo. Nikaona kazi yangu ilipo.

Nyumbani nako nilikuwa nimepata msingi. Baba yangu alikuwa mzee wa baraza Magu, mmoja wa wale waliokuwa wakiketi na hakimu kusikiliza mashauri. Jioni alikuwa akituambia, "Watu wanaleta ugomvi, hawaleti mali." Mtu anasimama kizimbani anaeleza alivyotukanwa msibani, hakimu anasubiri asikie shamba liko wapi na lina ekari ngapi, muda unakwisha. Maneno hayo ya baba ndiyo niliyoyajengea ofisi. Kama siruhusiwi kusema kwa niaba ya mteja, nitamwandaa mteja aseme mwenyewe, na aseme mali.

Kumshauri mtu ofisini hakukatazwi na mtu. Tena kifungu hicho hicho cha 33 kinaipa mahakama nafasi ya kumruhusu ndugu, au mtu wa nyumba moja na mhusika, amsemee. Kwa hiyo mama mgonjwa nilimwomba aje na binti yake, nikawaandaa wote wawili.

Shauri lililonifundisha zaidi lilikuwa la mzee mmoja aliyeacha wake wawili. (Nimebadilisha mambo madogo ili familia isijulikane.) Aliacha ng'ombe, mashamba ya mpunga, nyumba mbili, na mashine ya kukoboa mpunga. Wake wenyewe walikuwa wanapatana vizuri, mkubwa akimwita mdogo "mwanangu". Aliyewasumbua ni shemeji yao. Aliitisha kikao cha ukoo bila wajane, akaandikiwa muhtasari, akaenda na cheti cha kifo, akajaza Fomu Na. 1 na kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Walipokuja kwangu, mashine ilikuwa imeshahamishwa.

Swali langu la kwanza kwa kila anayekuja na msiba halihusu mali. Nauliza marehemu aliishije: alifunga ndoa wapi, alisali wapi, alizikwa kwa taratibu gani. Wateja wanashangaa, lakini jibu ndilo linaloamua mahakama na sheria. Kwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi kwa dini yake, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka, na nimeona mirathi iliyogawanywa hadi mwisho ikifutwa yote kwa sababu hiyo. Kwa Muislamu aliyeacha watoto, mke ana thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Mzee wetu aliishi kimila, na hapo palikuwa na ugumu. Kanuni za mirathi zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, zinasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Nayasoma maneno yale mpaka leo na moyo unauma.

Sikuwaambia wajane wakapambane na kanuni ya 1963 mbele ya wazee wa baraza. Niliwaambia tutengeneze orodha. Mali ya mirathi ni mali ya marehemu peke yake. Kitu alichonunua mke kwa fedha yake hakiingii. Tuliketi na daftari la shule, ukurasa mmoja kwa kila mali: ilipatikana lini, nani alilipa, nani aliona, karatasi iko wapi. Mke mdogo alipofika kwenye mashine akasema kwa sauti ya chini kwamba fedha ilitoka kwenye vikoba vyao, kikundi cha kuweka na kukopa. Nikamuuliza kama kikundi kina kumbukumbu. Alileta daftari la kikundi limefungwa kwenye khanga: mkopo wake, tarehe, marejesho ya kila wiki, saini ya mweka hazina. Mume alikuwa amesaini kama mdhamini. Ushahidi ulikuwa umekaa chini ya kitanda muda wote ule, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni ushahidi.

Baada ya hapo ikabaki sheria ya muda. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye hesabu ya alivyogawa katika Fomu Na. 6. Shemeji hakuwa amewasilisha chochote. Wajane waliandika barua fupi kuiomba mahakama imwite aeleze. Alipoleta orodha, ng'ombe walikuwa pungufu na mashine imeandikwa kama ya marehemu. Wajane wakaweka pingamizi na kuomba atenguliwe.

Wiki nzima kabla ya kusikilizwa tulifanya mazoezi. Nilikaa mimi mahali pa hakimu. Mke mdogo alikuwa akianza na msiba, namrudisha: "Mama, mashine." Anaanza na shemeji, namrudisha tena. Siku yenyewe nilikaa benchi la nyuma na wasikilizaji wengine. Mama huyo alitoa shikamoo kwa wazee wa baraza, akafungua daftari, akasoma mali moja baada ya nyingine. Mwenyekiti wa kikundi naye akatoa ushahidi. Mzee mmoja wa baraza aliomba alishike daftari lile mwenyewe, akaligeuza kurasa polepole. Mashine iliondolewa kwenye mirathi, shemeji akatenguliwa, na binti wa kwanza wa mke mkubwa akateuliwa. Binti yule alijaza fomu zote mbili bila kusukumwa, na jalada likafungwa.

Kwa upande wa talaka njia ni ile ile ya daftari. Kabla ya kufungua shauri lazima wanandoa wapite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na wakati huo mimi na mteja tunaandika. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ulitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba, na hilo nawaambia wateja bila kuficha, kwa kuwa mahakama iliangalia pia fedha alizopewa na alivyozitumia. Kanuni aliyoiacha imewasaidia wengi. Lakini mpishi na mlezi naye anahitaji shahidi wa kazi yake, na jirani mmoja anayejua ni bora kuliko machozi.

Tangu 2021 sheria imebadilika, na wakili anaruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Sasa nasimama. Hata hivyo mteja wangu bado anafanya mazoezi na daftari lake, kwa kuwa anayejua shamba linaishia wapi ni yeye.

Siku hizi muda wangu mwingi naupeleka kwenye wosia. Ukimwambia mzee aandike wosia anakujibu unamchuria. Siku hizi sitamki kifo kabisa; naanza na ile orodha ya daftari. Ikishakamilika, mara nyingi mzee mwenyewe ndiye anayeuliza, "Sasa hii tunamwandikia nani?" Kwa anayefuata mila na anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, asiyejua, wasipungue wanne, na wa ukoo wawemo. Kwa Muislamu tunakumbuka kwamba wosia hauvuki theluthi moja na haumwendei mrithi. Nakala moja tunaipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambao wanatunza wosia, na mtu mmoja wa nyumbani anaambiwa ilipo. Akinunua kiwanja kingine baadaye, anarudi tunaandika upya, kwa tarehe mpya na mashahidi wapya.