Tathmini ya umilisi: anzia kwenye rubriki

Mwalimu wa Gredi ya 7 hadi 9, usianze na maazimio ya kazi ya kununua. Pakua muundo wa mtaala wa somo lako kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala Kenya (ni bure), kisha ruka hadi rubriki, yaani jedwali la viwango vya ufaulu, mwishoni mwa mada. Ukisoma tofauti ya "kufikia matarajio" na "kukaribia matarajio", utajua swali la kuuliza darasani.

Kazi za tathmini ya shuleni na miongozo ya kusahihisha hutoka KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Kosa kubwa ni kutoa alama kwanza, kusoma rubriki baadaye. Basi wanafunzi wote wanaangukia katikati. Alama ziingize mapema kwenye mtandao wa KNEC, maana siku ya mwisho mtandao hulemewa.